Gunia lisilo na uzito: programu mbili kushika data moja bila kuharibiana

Ilikuwa katikati ya msimu wa korosho, foleni ya wakulima imetoka ghalani mpaka chini ya mwembe, karani mkuu akaniita kwa sauti iliyosikika na kila mtu. "Binti, mashine yako inasema gunia hili lina kilo sifuri. Basi libebe wewe ulipeleke kule ndani, maana ni jepesi."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa aibu. Skrini ilionyesha 0.00 kweli. Nikamwomba alishushe, alipandishe tena, ikaja 78.6 kama kawaida. Yakapita magunia mengi salama, halafu sifuri ikarudi. Mizani yenyewe ilikuwa nzima na waya ulikuwa mzima. Kioo kidogo cha mizani hakikuonyesha sifuri hata mara moja. Sifuri ilikuwa inazaliwa njiani, kati ya programu zangu mbili.

Mpangilio ulikuwa hivi. Mezani kuna Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ubao mmoja. Programu ya kwanza, niliyoiita mpimaji, inasoma mizani kupitia waya wa serial mara mbili kwa sekunde na kuandika uzito wa sasa kwenye faili. Ya pili, stakabadhi, inalisoma faili hilo, inaonyesha uzito kwenye skrini, na karani akibonyeza kitufe inachapa risiti na kuongeza jumla ya mkulima. Nilizitenganisha kwa makusudi. Printa ikiishiwa karatasi hugoma, na sikutaka kugoma kwa printa kusimamishe mizani. Uamuzi huo bado nautetea. Kilichoniponza ni hii mistari miwili ya Python:

```
with open("uzito.json", "w") as f:
    json.dump(hali, f)
```

Ukiisoma haraka huoni kosa. Lakini hiyo "w" hufanya mambo mawili kwa zamu: kwanza hulifuta faili lote likabaki tupu, ndipo baadaye maandishi mapya yaingie. Katikati kuna upenyo mdogo sana. Stakabadhi ikifungua faili ndani ya upenyo huo, inakuta hakuna kitu. Na mimi, kwa werevu wangu, nilikuwa nimeandika kwamba faili likiwa tupu basi uzito ni sifuri. Makosa mawili yakashikana mikono.

Kwa hiyo kabla hujagusa kufuli wala hifadhidata, rekebisha hilo la pili kwanza. Tupu siyo sifuri. Programu inayosoma ikishindwa kusoma, iseme imeshindwa: ionyeshe vistari, na kitufe cha kuchapa kizimwe. Karani anayeona "--.--" atasubiri nusu sekunde. Anayeona 0.00 ataita watu waje kucheka.

Litafute kosa mpaka ulione

Makosa ya aina hii yana tabia ya mwizi wa kuku: ukikesha na tochi haji. Ukiendesha programu zako polepole mezani, kila kitu kinakwenda sawa siku nzima. Usianze kurekebisha kabla hujalilazimisha kosa lijitokeze, la sivyo hutajua kama umelitibu au limepumzika tu.

Njia yangu ni hii. Andika programu ndogo inayojaza faili kwa herufi "a" elfu ishirini, kisha "b" elfu ishirini, kisha "a" tena, bila kupumzika. Andika nyingine inayosoma faili hilo mfululizo na kuuliza maswali matatu tu:

```
while True:
    s = open("jaribio.txt").read()
    if s == "":
        print("tupu")
    elif len(s) != 20000:
        print("pungufu", len(s))
    elif len(set(s)) > 1:
        print("mchanganyiko")
```

Ziendeshe pamoja. Kwangu neno "tupu" lilijaza skrini kabla sijamaliza kuvuta kiti. "Pungufu" nayo ilikuja, na urefu uliojirudia ulikuwa 8192. Namba hiyo haikutoka hewani: toleo la Python nililokuwa nalo hukusanya maandishi kwenye kapu la baiti 8192, likijaa ndipo linamwagwa kwenye faili. Anayesoma kati ya kumwaga na kumwaga anapata kipande.

Hapo ndipo niliposhtuka zaidi, maana orodha ya wakulima nilikuwa naiandika kwa njia hiyo hiyo. JSON, mtindo wa kuandika data ndani ya mabano, ikikatika katikati hupiga kelele. Msomaji wa JSON anagoma na wewe unajua. CSV, yaani orodha ya mistari yenye safu zilizotengwa kwa mkato, ni nyoka wa kijani kwenye majani mabichi. Ikikatika baada ya mstari wa mia moja, anayesoma anafurahia wakulima wake mia moja na kuendelea na kazi, na waliobaki hawana habari kwamba leo hawapo kwenye orodha.

Andika pembeni, kisha badili jina

Kama anayeandika ni mmoja, na wanaosoma ni mmoja au kumi, huhitaji kufuli lolote. Andika toleo jipya kwenye faili jingine, limalize lote, kisha lipe jina la faili la zamani:

```
def andika(njia, hali):
    mpya = njia + ".mpya"
    with open(mpya, "w") as f:
        json.dump(hali, f)
        f.flush()
        os.fsync(f.fileno())
    os.replace(mpya, njia)
```

Kwa nini inafanya kazi? Jina la faili ni kibao cha mlangoni. Nyumba yenyewe ni kitu kingine. `os.replace` huking'oa kibao kwenye nyumba kuukuu na kukigongomelea kwenye nyumba mpya kwa pigo moja. Linux na jamaa zake wa Unix wanaahidi kwamba hakuna wakati ambapo kibao kiko hewani. Anayefungua kabla ya pigo anaingia nyumba ya zamani, iliyokamilika. Anayefungua baada ya pigo anaingia mpya, iliyokamilika. Aliyekuwa tayari ndani ya ile ya zamani anaachwa amalize kusoma kwa amani, na nyumba hiyo hubomolewa akishatoka.

Rudia jaribio la "a" na "b" kwa njia hii. Liache likimbie wakati unapika chai. Skrini inatakiwa ibaki kimya.

Kuna mitego, na nimeingia karibu yote.

Faili la muda likae kwenye folda ile ile ya faili lenyewe. Ukiliweka `/tmp`, mara nyingi `/tmp` ni mfumo mwingine wa mafaili, na kibao hakiwezi kuhamishwa kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine. `os.replace` itakataa waziwazi, na hiyo ni heri. `shutil.move` na amri ya `mv` hazikatai. Zinanakili taratibu kisha zinafuta, na wewe umerudi pale pale ulipoanzia huku ukidhani umepona.

Wanaoandika wakiwa wawili, jina moja la ".mpya" litawagonganisha. Wengi hukimbilia `tempfile.mkstemp`, ambayo inatoa jina la pekee. Ni sawa, lakini faili lake huzaliwa likiwa na ruhusa ya mwenyewe tu kulisoma. Programu yako ya pili ikiendeshwa na mtumiaji mwingine wa mfumo, itanyimwa. Nilipoteza mchana mzima hapo nikiilaumu kadi ya memori.

Anayesoma naye ana adabu zake. Afungue, asome yote, afunge. Akilishikilia faili wazi na kungoja libadilike, atabaki kwenye nyumba ya zamani milele, uzito uleule mpaka jioni. Ukitumia inotify kungojea mabadiliko, weka macho kwenye folda badala ya faili, kwa sababu faili ulilokuwa unaliangalia ndilo linalong'olewa kibao.

Umeme kukatika ni jambo jingine

Mafundi wengi huchanganya hatari mbili. Moja ni programu nyingine kuona kazi iliyo nusu. Ya pili ni umeme kukatika kazi ikiwa nusu. Zinatibiwa tofauti.

Programu zilizo kwenye mashine moja zinaonana kupitia kumbukumbu ya mfumo, bila kungoja diski. Mara jina likishabadilishwa, kila programu inaona toleo jipya, hata kama kwenye kadi ya memori bado hakijaandikwa chochote. `fsync` haina msaada wowote kwa hatari ya kwanza. Kazi yake ni kuulazimisha mfumo uteremshe data kwenye diski sasa hivi, ili umeme ukikatika usikute faili lenye jina sahihi na tumbo tupu. Ukitaka hata lile badiliko la jina livuke giza, basi na folda yenyewe uifanyie fsync: unaifungua kwa `os.open`, unaipa `os.fsync`, unaifunga.

Sasa jiulize: uzito wa sasa hivi una faida gani baada ya mashine kuzimika? Hauna. Gunia limeshashushwa. Kwa hiyo uzito wa sasa niliuhamishia `/run/mizani/`, folda inayoishi kwenye RAM tu, na nikaondoa fsync kwenye uandishi wake. Kuandika mara mbili kwa sekunde kutwa nzima kwenye kadi ya memori ni kuila kadi hiyo bila sababu. Kama programu yako inaendeshwa na systemd (msimamizi wa huduma kwenye Linux), mstari `RuntimeDirectory=mizani` unatosha kuitengeneza folda hiyo, na una zawadi ya ziada: huduma ya mpimaji ikisimama, folda inafutwa, stakabadhi inakosa faili, na vistari vinatokea vyenyewe. Jumla za wakulima ndizo zilibaki kwenye kadi, kwa fsync kamili, maana zile ni pesa za watu.

Data kamili lakini imelala

Sifuri ziliisha. Wiki iliyofuata karani akaniita tena, safari hii kwa sauti ya chini, na hiyo ilinitisha zaidi. "Binti, magunia matatu yamefuatana, yote 81.2. Mimi nimeshika magunia miaka mingi. Hayo hayalingani."

Alikuwa sahihi. Mtu alikanyaga waya wa mizani ukachomoka nusu. Mpimaji hakufa, alikaa tu anangoja. Faili lilikuwa zima, kamili, limeandikwa kwa usalama wote niliouhubiri hapo juu, na lilikuwa la dakika nne zilizopita.

Hili sijaliona likitiliwa mkazo wa kutosha, kwa hiyo nalisema kwa herufi nzito moyoni: data inayobadilika lazima ibebe umri wake. Ndani ya faili weka wakati ilipopimwa, na msomaji aikatae ikizidi umri fulani. Kwetu ni sekunde mbili.

Lakini wakati upi? Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Ikiwashwa asubuhi bila mtandao inaendelea na saa ya kubahatisha, halafu intaneti ikipatikana saa inaruka mbele ghafla. Ukipima umri kwa saa hiyo ya ukutani, siku moja data mpya itaonekana ya jana, au mbaya zaidi ya jana itaonekana mpya. Tumia `time.monotonic()`. Hiyo ni saa inayokwenda mbele tu tangu mashine iwashwe, hairukirukwi na mtandao, na kwenye Linux programu zote za mashine moja zinaisoma ileile. Mashine ikizimwa inaanza upya, lakini faili letu liko `/run` na lenyewe limefutika, kwa hiyo hawagombani.

Ongeza na namba ya mfululizo, inayopanda kila kipimo. Stakabadhi inakumbuka namba ya mwisho iliyochapia risiti, na haikubali kuchapa mara mbili kwa kipimo kilekile. Karani mwenye kidole chepesi akibonyeza mara mbili, mkulima hapati gunia la bure.

Na huku ukiwa umefungua faili la programu, badilisha kilo ziwe gramu nzima. 78600, siyo 78.6. Desimali za kompyuta zinachechemea kidogo kila unapojumlisha, na mwisho wa msimu jumla yako na ya daftari zitatofautiana kwa kitu kidogo ambacho utashindwa kukieleza mbele ya mkutano.

Wanaoandika wakiwa wawili: piga hodi

Mpaka hapa mwandishi alikuwa mmoja. Kisha wakataka programu ya tatu, ya marekebisho, ili msimamizi aweze kupunguza jumla gunia likikataliwa kwa unyevu. Sasa stakabadhi na marekebisho zote zinaandika `jumla.json`. Kubadili jina hakutoshi tena.

Chukua makarani wawili na daftari moja. Wa kwanza anasoma jumla ya mkulima: kilo 420. Wa pili naye anasoma: 420. Wa kwanza anaongeza gunia la 80, anaandika 500. Wa pili anatoa gunia la 75 kutoka kwenye ile 420 aliyoishika kichwani, anaandika 345. Jibu sahihi lilikuwa 425. Hakuna karatasi iliyochanika wala namba iliyokatika. Gunia la kilo 80 limemezwa tu. Kusoma, kukokotoa na kuandika ni tendo moja, na mtu mwingine akipita katikati yake umeliwa.

Kosa la familia hii limewahi kuzima zaidi ya ghala. Tarehe 14 Agosti 2003 umeme ulikatika kaskazini-mashariki mwa Marekani na sehemu ya Kanada, watu wapatao milioni 50 wakakaa gizani. Miongoni mwa sababu ilikuwa mfumo wa ving'ora katika chumba cha kuongozea umeme jimboni Ohio: michakato miwili ilipata nafasi ya kuandika kwenye data ileile kwa wakati mmoja, mfumo ukaganda, na waongozaji wakakaa zaidi ya saa moja wakidhani ukimya ule ni dalili ya heri.

Tiba ni kufuli. Kwenye Linux ninalotumia ni `flock`:

```
with open("jumla.kufuli", "a") as k:
    fcntl.flock(k, fcntl.LOCK_EX)
    hali = soma("jumla.json")
    hali[namba] += gramu
    andika("jumla.json", hali)
```

Anayekuta kufuli limeshikwa anasubiri mlangoni. Anayelishika akimaliza, faili linafungwa na kufuli linaachiwa. Zuri zaidi, programu ikifa katikati, hata ukiipiga `kill -9`, mfumo unaliachia wenyewe. Ndiyo maana sipendi ule mtindo wa kuunda faili linaloitwa "imefungwa" na kulifuta ukimaliza. Umeme ukikatika faili linabaki, na asubuhi kila programu inamsubiri marehemu atoke.

Fahamu kwamba `flock` ni kama hodi. Inamzuia mwenye adabu ya kubisha. Programu isiyobisha inaingia tu, inaandika inachotaka, na mfumo hauisemi neno. Kwa hiyo kusoma na kuandika jumla kuwe na kazi moja tu katika maktaba moja, na programu zote ziitumie hiyo. Ukiandika ile mistari mitano mahali panne, mahali pamoja utasahau hodi.

Umeona kwamba nimefunga `jumla.kufuli`, siyo `jumla.json`? Ni kwa sababu ya ile habari ya vibao. Kufuli hushika nyumba, halishiki kibao. Ukilifunga `jumla.json` kisha ukabadili jina, umebaki umeshika kufuli la nyumba inayobomolewa, na mwenzako anaingia ile mpya bila kizuizi. Faili la kufuli liwe la pembeni, lisibadilishwe wala kufutwa kamwe.

Kuna pia `fcntl.lockf`, inayofanana kwa nje. Hiyo ina kituko chake: programu yako ikifungua faili lilelile mahali pengine na kulifunga, hata kwa kulisoma tu, kufuli lote linaachiwa kimyakimya. Mimi nilibaki na flock.

Shika kufuli kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana. Nilipoandika mara ya kwanza, uchapaji wa risiti ulikuwa ndani ya kufuli. Karatasi ikaisha. Stakabadhi ikakaa inaingoja printa huku kufuli mkononi, marekebisho ikakaa inaingoja stakabadhi, na msimamizi akakaa ananingoja mimi niliyekuwa sokoni. Ndani ya kufuli ni kusoma, kujumlisha, kuandika, basi. Printa, mtandao na binadamu wote wakae nje. Na ukilazimika kuwa na makufuli mawili, programu zote ziyachukue kwa mpangilio uleule, vinginevyo kila moja itashika lake na kumkodolea macho mwenzake.

Kwa nini baadaye niliyatoa makufuli karibu yote

Baada ya kuhangaika nayo nilijiuliza swali nililopaswa kuanza nalo: hivi kwa nini wawili waandike? Jumla ni mali ya stakabadhi. Marekebisho haihitaji kuigusa, inahitaji kuomba.

Basi nikatengeneza folda `maombi/`. Msimamizi akipunguza gunia, programu yake inaandika faili dogo lenye namba ya mkulima, gramu na sababu, kwa jina la muda, kisha inalibadili jina likiwa kamili. Stakabadhi kila sekunde inapitia folda hiyo, inatekeleza ombi moja moja na kulihamishia `yaliyotekelezwa/`. Mwandishi wa jumla amerudi kuwa mmoja, na kila rekebisho limeacha karatasi yake nyuma. Wakaguzi walipokuja, folda hiyo iliongea vizuri kuliko mimi.

Ina upenyo mmoja uliobaki: umeme ukikatika baada ya jumla kubadilishwa na kabla ya ombi kuhamishwa, asubuhi ombi litatekelezwa mara ya pili. Ningeweza kuweka orodha ya namba za maombi yaliyokwisha ndani ya `jumla.json` yenyewe, ili viandikwe kwa pigo moja. Lakini nilipofika hapo nikajiona ninajenga hifadhidata kwa mkono, na hifadhidata zipo.

Msimu uliofuata nikahamia SQLite. Haihitaji seva, ni faili moja, na inajua yote haya kuliko mimi. Ukitumia hali yake ya WAL, ambapo mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni, wanaosoma hawamzuii anayeandika na anayeandika hawazuii wanaosoma. Waandishi ndio wanaopeana zamu, mmoja mmoja. Hali hiyo ipo tangu toleo 3.7.0 la mwaka 2010, kwa hiyo hata mashine kuukuu haina kisingizio.

```
db = sqlite3.connect("mizani.db", timeout=10,
                     isolation_level=None)
db.execute("PRAGMA journal_mode=WAL")
db.execute("PRAGMA synchronous=FULL")

db.execute("BEGIN IMMEDIATE")
db.execute("INSERT INTO mapokezi(kipimo, mkulima, gramu) "
           "VALUES(?,?,?)", (kipimo, m, g))
db.execute("UPDATE wakulima SET gramu = gramu + ? "
           "WHERE namba = ?", (g, m))
db.execute("COMMIT")
```

Ukipata kosa katikati, `ROLLBACK`, na yote tangu `BEGIN` yanafutwa. Angalia `gramu = gramu + ?`: hesabu inafanywa ndani ya hifadhidata, siyo kichwani mwa programu yako kama wale makarani wawili. Nimeiacha safu ya `kipimo` iwe `UNIQUE`, na ndani yake naweka kitambulisho cha kuwashwa kwa mashine (`boot_id`, ambacho Linux hukibadilisha kila inapowashwa) pamoja na ile namba ya mfululizo, hivyo kubonyeza mara mbili kunakataliwa na hifadhidata yenyewe.

`IMMEDIATE` usiiache. Ukiandika `BEGIN` peke yake, SQLite inakuchukulia kuwa msomaji mpaka utakapoandika. Ukisoma kwanza, mwenzako akaandika, kisha nawe ukataka kuandika, unapigwa "database is locked" papo hapo. Ile `timeout` ya sekunde kumi haisaidii kitu, kwa sababu picha uliyoisoma imeshapitwa na wakati. `IMMEDIATE` inapiga hodi mlangoni kabla ya kusoma.

Faili la `.db` lisiwekwe kwenye folda ya mtandao, maana WAL inazitaka programu zote ziwe kwenye mashine moja. Na usichukue nakala kwa `cp`. Pembeni ya faili kuu kuna lingine linaloishia na `-wal`, na miamala ya karibuni inaweza kuwa humo. Aliyenakili `.db` pekee amebeba daftari bila kurasa za mwisho. Tumia amri ya `.backup` ya sqlite3.

Uzito wa sasa sikuuhamishia huko. Umebaki kwenye faili lake dogo la `/run`, kwa kubadili jina, na hautanisumbua.

Kabla ya kumpa karani

Chomoa waya wa mizani wakati gunia liko juu, hesabu sekunde mpaka vistari vitokee. Toa karatasi kwenye printa, bonyeza kitufe, kisha jaribu rekebisho kwenye programu nyingine. Lipite bila kungoja. Endesha stakabadhi mbili kwa makusudi zikiongeza gramu moja kwa mkulima yuleyule, kila moja mara elfu kumi, na jumla iwe elfu ishirini kamili. Ikipungua hata moja, rudi nyuma usiongeze kingine. Piga `kill -9` kwenye mojawapo katikati ya mbio na uone kama nyingine inaendelea.

Mwisho, ng'oa plagi ukutani. Usizime kistaarabu, ng'oa. Washa tena, fungua hifadhidata, endesha `PRAGMA integrity_check`, na ikijibu "ok" jumlisha gramu zote za `mapokezi` kwa kila mkulima uzilinganishe na safu ya `wakulima`. Mimi nilifanya hivyo mara ishirini nikiwa nimekaa sakafuni karibu na soketi, karani akinitazama. Mara ya kumi hivi akauliza kama umeme wa kwangu ndiyo unavyokatika hivyo, au namchezea. Nikampa plagi, akaendelea yeye.